Oili Ilikuwa Juu ya Alama

Mgeta,
10 Machi 2024

Kwako mpwa wangu Sabra,

Salamu nyingi zikufikie huko Kihonda. Kama u mzima, alhamdulillahi. Ukiniuliza mimi, mwili upo ila roho inawaka moto, na hata usiponiuliza nitakwambia hivyo hivyo.

Najua umenipigia simu ukaambiwa haipatikani. Haipatikani kwa sababu nimeipasua. Nilimpigia yule binti wa kampuni yenu anayepokea simu za wateja, akaniwekea muziki. Nikasema dada, nina shida, akaniwekea tena muziki. Mke wangu amelala mbele yangu kwenye machela, mfupa umetokeza nje ya ngozi, na mimi nasikilizishwa kinanda! Niliirusha kwenye jiwe, ikafa hapo hapo. Simu ya jirani siitaki, mambo ya damu siyasemi watu wakitega masikio. Tuandikiane. Victor anashusha karoti na lori lake la Fuso kila siku ya soko, atatubebea.

Sasa sikiliza. Jumanne ya mwisho wa mwezi uliopita nilimpakia kwenye pikipiki shangazi yako Asia na gunia la karoti, tena si lumbesa lililofurika, gunia la heshima kabisa. Tunateremka kwenda sokoni. Tulipofika kona ya mfereji, injini ikalia mara moja, kwaa! Tairi la nyuma likaganda. Sisemi lilipunguza mwendo, Sabra, liliganda. Mimi nikarushwa kwenye njegere za watu. Asia akaporomoka nayo mpaka korongoni, ikamlalia mguu, na bomba la moshi likamkaa pajani. Mpaka nimefika kuinyanyua, nilishasikia nyama inaungua. Nilinusa nyama ya mke wangu. Yuko hospitali ya huku huku juu, wamemfunga vyuma.

Pikipiki Victor aliishusha kwenye karakana yenu. Jibu nililoletewa ni kwamba injini imekauka oili, mteja ni mzembe, waranti haifanyi kazi.

Mimi mzembe! Siku ya sevisi ya kwanza yule kijana fundi alinifundisha mwenyewe. "Mzee, kila asubuhi kabla hujawasha, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa kwenye alama ya juu, nenda zako. Ikishuka chini ya alama ya chini, ongeza." Basi sijawahi kuacha hata siku moja. Naitoa ndani, naisimamisha mlangoni pua ikitazama mlimani, tayari kupanda shamba, nachomoa kijiti kile cha nyuma ya injini. Kila asubuhi oili ilikuwa juu ya alama. Shahidi ni Asia, maana hukaa pale pale na chai yake, kwenye kile kigoda nilichokiwekea jiwe chini ya mguu mmoja kisiyumbe, na hunicheka. "Pikipiki inapimwa homa kila siku, mimi hujawahi kunipima hata malaria."

Kwa hiyo yako mawili tu. Ama oili waliyoniwekea ni feki, ama fundi hakukaza nati ya chini, ikamwagika yote njiani siku ile. Nataka haki yangu, na nataka jina lake. Mkono uliofunga ile injini nitauvunja kama mguu wa Asia ulivyovunjwa. Mimi unanijua, umekulia kwangu. Kamuulize Yunusi wa mfereji wa juu, aliyeniibia zamu ya maji, siku hizi anatafunia upande gani.

Ni mimi mjomba wako,
Abdulmajid


Kihonda,
19 Machi 2024

Kwako mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na shangazi Asia mfikishie shikamoo yake kitandani, mwambie namwombea kila ninapofuturu. Mimi sijambo. Funga inaenda ingawa joto la huku linatukausha, nawaonea wivu na baridi yenu.

Mjomba, nilipofika kwenye maneno ya bomba la moshi niliiweka barua chini, nikaimalizia kesho yake. Pole. Sina neno lingine, pole sana.

Unajua kazi yangu hapa karakana, ndiye ninayekaa dirishani kupokea malalamiko. Yako niliyapokea kama ya mtu mwingine yeyote, nikayapeleka kwa meneja, mama Margareth. Akaniambia injini ikifika hapa imekauka, waranti imekufa, hata awe mjomba wa nani. Nililia mbele yake bila aibu. Nikatoka nikajua yamekwisha.

Kumbe hayajaisha! Juzi fundi aliyefanya ile sevisi amekwenda mwenyewe kwa mama Margareth akasema huenda siku ile hakuikaza vizuri nati ya chini. Basi kosa limekuwa la karakana, si la mteja, na waranti imefufuka. Unapewa injini mpya, mjomba. Fundi huyo huyo ameomba aifunge kwa mikono yake, na Jumamosi hii atakuwa anaimalizia. Victor ataipandisha.

Kwa hiyo hasira iweke chini, ufunge kwa amani. Jina lake usiniulize. Yapo mambo nitakueleza kwa mdomo, barua inapita mikononi mwa watu.

Na lingine. Yule kijana wa Kisaki niliyekutajia, wazee wake wanataka kuja kuleta posa baada ya Idi. Baba amesema yeye atakaa pembeni, kwetu posa hupokelewa na mjomba na wewe ndiye uliyenilea. Nakuomba uwapokee kwa sura ya kucheka, si ile ya mfereji. Huyu ndiye ninayemtaka, mjomba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa kama hiki.

Mpwa wako,
Sabra


Mgeta,
22 Machi 2024

Kwako Sabra,

Salamu. Asia hajambo kidogo, amelala kwa dawa.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeniandikia kama vile unaniletea pilau. Amekiri! Mtu amefungua mdomo wake akasema hakukaza nati, na wewe unaniambia nishukuru injini. Injini mpya itamrudishia Asia paja? Jana walimbadilisha kitambaa kidondani, kikatoka na ngozi. Alinishika shati akaniomba nimuue. Mke wangu ameniomba nimuue, Sabra, na aliyemfikisha hapo anafunga injini nyingine huku anapiga mluzi.

Jina baki nalo, sina haja nalo. Umeshaniambia Jumamosi atakuwa wapi na ameinamia nini. Kesho nashuka na Victor. Nimefunga, tumbo halina kitu, na simwombi Mungu anitulize.

Barua hii nampa mwalimu Jesca wa shule ya huku, anayeshuka mjini Jumatatu. Nimefanya makusudi uipate mambo yakiwa yameisha, sitaki uje unishike mkono.

Kuhusu huyo kijana wa Kisaki, waambie wazee wake waje. Nitawapokea vizuri, mbuzi ninaye. Mkwe wangu hana kosa na mimi.

Mjomba wako,
Abdulmajid


Kihonda,
27 Machi 2024

Mjomba Abdulmajid,

Shikamoo sikupi. Tangu nijue kusema sijawahi kukunyima, leo nakunyima. Ukitaka njoo univunje na mimi.

Jumamosi nilitoka kwenda kununua tende. Niliporudi nilikuta Shabani mlinzi anamwaga maji sakafuni na maji yanakwenda mekundu. Yeye ndiye aliyenisimulia. Anasema uliingia kwa upole kabisa, ukasalimia watu, ukauliza nani anafunga ile pikipiki nyekundu ya Mgeta. Fundi akainua uso, akafurahi. Alikutambua tangu siku ile ya sevisi, na picha yako nilishamwonyesha. Akafuta mkono kwenye ovaroli, akakunyooshea, akasema, "Shikamoo mjomba."

Alikuita mjomba, na hukujiuliza kwa nini.

Ukaupokea ule mkono. Ukauvuta mpaka kwenye chuma cha kugongea, ukaukandamiza kwa goti, ukaokota nyundo. Shabani anasema pigo la kwanza hakulia, alikutazama tu kama mtu anayesubiri aambiwe ni utani. La pili akalia. Baadaye ukaendelea kupiga hata alipokuwa hajui tena kama unapiga. Watu watatu ndio walikutoa, na mmoja wao ukamng'ata, ukaponyoka.

Anaitwa Hafidhi. Ndiye kijana wa Kisaki. Ndiye uliyesema hana kosa na wewe. Barua yako nimeipata Jumatatu kama ulivyopanga, nikaisoma hospitalini pembeni ya kitanda chake.

Na ile nati aliikaza, mjomba! Aliikaza! Alimdanganya mama Margareth ili waranti yako ikubaliwe. Nilimkataza. Akaniambia, "Mjomba wako ni mjomba wangu. Wazee wangu watafikaje kwa mtu ambaye mkewe kalala na pikipiki imekufa? Nitapewa onyo, yataisha." Ukweli ni kwamba mpaka sasa hajui oili yako ilikwenda wapi. Hakuna anayejua. Hilo ndilo nililotaka kukueleza kwa mdomo. Nami mjinga nikakuandikia kwamba amekiri, nikidhani nakuletea furaha.

Mkono umeshonwa, umefungwa plasta mpaka kiwiko. Vidole hatujui.

Polisi wanakutafuta. Lakini kuna kibaya kuliko polisi. Hapa nje ya karakana kuna kijiwe cha bodaboda, na Hafidhi ndiye anayewatengenezea wale vijana, hata wasipokuwa na kitu. Wameapa ukionekana Kihonda hufiki kituoni. Abel, mkubwa wao, alinipeleka nyuma ya kibanda akanionyesha tairi waliloliweka tayari. Na mimi nilipoliona sikusema kitu. Nililitazama nikaondoka. Nakuandikia ulijue hilo. Namba ya pikipiki yako wanaijua wote.

Pikipiki inapanda na Victor. Mama Margareth alitaka izuiwe, Hafidhi akatuma neno kutoka kitandani kwamba injini ni ya mteja, ipelekwe. Oili imepimwa hapa kwenye sakafu ya karakana, iko kwenye alama ya juu sawasawa. Usije ukasema tena umeonewa.

Sabra


Mgeta,
15 Aprili 2024

Kwako Sabra, mpwa wangu hata kama hutaki niseme hivyo,

Salamu natanguliza, usiziitikie. Idi imepita, sikuswali na watu, niliswali peke yangu kwenye kibanda cha shamba. Polisi walipanda wakaishia sokoni, kilima kikawashinda. Asia ametoka hospitali, anatembelea magongo.

Barua yako alinisomea yeye. Nilianza mwenyewe nikafika pale kijana anafuta mkono kwenye ovaroli, nikashindwa. Alipomaliza kunisomea aliikunja, akaniambia, "Mnyama we," kisha hakusema nami mpaka Idi. Nilikuwa naletewa chakula kama mbwa, sahani inawekwa chini. Sikulalamika.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, halafu unichukie.

Pikipiki ilikaa chini ya turubai, nilikuwa sitaki hata kuiona. Juzi Asia alitakiwa kurudi hospitali wamtazame kidonda, na kwa magongo hafiki. Nikaitoa. Nikaisimamisha pale pale mlangoni, pua mlimani, nikachomoa kijiti. Oili imepita alama ya juu, imepanda mpaka shingoni, inadondoka. Nikacheka kwa ubaya. Nikasema, tazama, wameijaza mpaka itapike, yule kijana ananilipizia. Nikaenda kutafuta spana niimwage.

Asia alikuwa kwenye kigoda chake, kaunyoosha ule mguu. Akasema, "Unamwaga nini? Sabra si kaandika waliipima ikawa sawasawa?"

Nikasema waliipima vibaya.

Akasema, "Waliipimia wapi?"

Nikamjibu, kwenye sakafu ya karakana. Mimi nimeshaweka spana kwenye nati. Nikamsikia anasema taratibu, "Wewe mwanaume. Kigoda hiki umekiwekea jiwe kisiyumbe. Kitanda umekiwekea jiwe. Mtungi umeuwekea jiwe. Pikipiki umeiwekea nini?"

Sabra, nilikaa chini kwenye tope.

Halafu nikaisukuma mpaka uwanja wa shule, maana unajua hapa kwetu tambarare ni ule uwanja peke yake. Nikaisimamisha wima, nikangoja oili itulie, nikachomoa kijiti. Alama ya juu, sawasawa, kama ulivyoandika. Nikairudisha mlangoni, imefurika. Nikaipeleka tena uwanjani, iko sawa. Nilikwenda na kurudi mpaka mwalimu Jesca akatoka darasani akidhani nimerukwa na akili.

Mlango wangu unatazama mlima. Kila asubuhi oili yote ilikuwa inakimbilia nyuma, kwenye kijiti, na mimi nikaiona imejaa. Miezi yote ile ilikuwa inapungua kidogo kidogo, na mimi sikuongeza hata tone, nikijisifu kwa Asia. Yule kijana alinifundishia kwenye sakafu, na huko kwao Kisaki ardhi imelala, treni inapita tu. Atajuaje kwamba huku juu hata kigoda hakisimami bila jiwe? Mimi ndiye nilijua. Nimeishi na mawe hayo maisha yangu yote.

Asia nilimvunja mimi. Yule kijana naye nikamvunja kwa kosa langu mwenyewe, kwa mkono aliokuwa ananipa. Nimejaribu kulia, halafu nikamkumbuka yeye alivyolia, nikaona hata machozi sistahili.

Jumatano nashuka. Nitakuja na pikipiki hiyo hiyo, nyuma ya Fuso la Victor, mchana, watu wanione. Victor atakuletea barua hii ili uwe umeshajua. Mimi nitaanzia kijiweni kwa Abel. Usiogope. Wao ndio walioapa, na mtu aliyeapa lazima ndiye asikie kwanza. Mimi mwenyewe niliapa, najua kiapo kinavyokaba koo. Nitawachomolea kijiti niwaonyeshe jinsi ilivyokuwa. Wale ni watu wa pikipiki, wataelewa upesi kuliko hakimu. Kisha nitakwenda kwa Hafidhi, na nikitoka kwake nitajipeleka polisi kwa miguu yangu.

Posa nimeikubali. Naiandika hapa nikifungwa asije akatokea mtu wa ukoo akasema mjomba hakutamka. Mimi Abdulmajid nimekubali Hafidhi amuoe Sabra, akimtaka bado mtoto wa nyumba hii.

Nakuomba jibu la jambo moja tu. Ataweza kushika spana tena? Niandikie huko huko rumande, nitakuwa na nafasi ya kusoma.

Mjomba wako, ukikubali,
Abdulmajid


Mgeta,
28 Aprili 2024

Kwako mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo mjomba. Hii ni ya leo, na ile ni ya siku niliyokunyima.

Hali sikuulizi. Nakuandikia kwa sababu uliomba jibu, na wewe hujawahi kuvumilia kunyimwa jibu.

Jumatano Victor alisimamisha gari, akaniwekea barua yako dirishani, akasema mzee yuko nyuma hapo. Nikaifungua. Nilipofika kwenye jiwe la kigoda nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama mwehu. Nikasikia makelele nje. Nikadhani wamekamata mwizi wa simu, kijiweni pale kila wiki wanakamata mtu. Nikaendelea kusoma. Nilikuwa kwenye maneno ya posa Shabani alipoingia anakimbia hana hata kofia, na kabla hajasema nilijua. Nilikuwa nasoma, mjomba. Wewe unauawa hatua chache na mimi nasoma jinsi unavyokuja.

Hawakukuacha hata uvue helmeti. Wameijua namba, wakakuzunguka. Victor anasema aliona kwenye kioo cha gari umeshuka, ukasema jina lako, ukainama ukachomoa kijiti cha oili ukakiinua juu uwaonyeshe. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ana chuma!" Jiwe la kwanza likakupata kwenye kioo cha helmeti. Yaliyofuata shangazi amenikataza kuandika, lakini nitaandika, sitaki mtu aje aseme ilikuwa ajali. Walikupiga kwa mawe, kwa minyororo ya pikipiki, kwa pampu. Ulikuwa unasema, "Subirini niwaonyeshe." Ulisema hivyo mpaka meno yakaisha. Petroli waliivuta kwenye tangi la pikipiki yako mwenyewe. Tairi lilikuwa lile lile.

Nililiona lile tairi, mjomba, na nikanyamaza. Ningelipeleka polisi siku ile ile ungekuwa rumande sasa hivi unasoma barua hii. Hilo halinitoki na sitaki linitoke.

Hafidhi, aliyeshatoka hospitali, alikuja mbio na plasta yake. Aliingia kwenye moto kukuvuta, mkono wa pili ukaungua. Alikuwa anapiga kelele, "Ni mjomba wangu! Ni mjomba wangu!" Abel akamwambia, "Tulia kaka, tumekulipia." Hafidhi akampiga na ile plasta usoni mpaka ikapasuka, akaendelea kumpiga na mkono uliovunjika. Wote wawili walikuwa wanalia. Abel yuko ndani, na wenzake wengine. Wengine wamekimbilia wanakokujua.

Tumekuzika juu ya mfereji. Yunusi alibeba jeneza mbele, na zamu yake ya maji siku hiyo aliiacha ipite.

Wazee wa Kisaki walikuja, si kwa posa, kwa mazishi. Jioni shangazi aliwatolea barua yako, akawasomea yale maneno ya kukubali, hayo tu. Mkubwa wao akasema, "Tumesikia." Lini nitaolewa sijui, siwezi kuliwaza hilo sasa. Ila ulitamka na wamesikia.

Uliuliza jambo moja. Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Spana ndogo hataziweza, kubwa labda, baadaye.

Siku ya tatu ya matanga Hafidhi aliomba jembe. Watu wakamwambia pumzika, hakusikia. Amechimba pale mlangoni kwako kwa ule mkono ulioungua, ndio unaofaa, ameukata mlima, udongo akauvutia upande wa chini, akapanga mawe uzuiliwe, akaushindilia kwa miguu mpaka magharibi. Akaweka sahani ya maji katikati atazame kama pamelala tambarare. Ni upana wa pikipiki moja. Nilimwambia pikipiki iko polisi, ni kidhibiti cha kesi, hatujui itarudi lini wala kama shangazi atataka kuiona. Akasema anajua.

Basi shangazi amehamishia kigoda chake hapo. Lile jiwe amelitoa chini ya mguu wa kigoda, akalitupa bondeni. Leo asubuhi amekaa pale na chai yake, amenyoosha ule mguu mbovu, na kigoda hakiyumbi.

Mpwa wako,
Sabra